Bastola ya Mfuko wa Kulia

Ijumaa, 7 Machi 2014

Leo nimepata dawa ya baba! Nimeikuta Souq Waqif, soko la kale la hapa Doha, katika duka la vitu vya kale na vya uongo, imelala kati ya mabirika na majambia ya kutundika ukutani. Bastola ndogo ya mfukoni, mtindo wa wazee, yenye tumbo la kuzunguka na mpini mweupe. Ukivuta kifyatulio, mdomoni panawaka moto. Ndiyo, ni kiberiti cha gesi. Kwani baba ataona nini? Macho yake yana ukungu, na kichwa kina ukungu zaidi.

Niandike vizuri, nikizeeka nami nielewe. Baba alikuwa askari wa kiwanda cha sukari kwetu Bungoma. Alisindikiza gari la mishahara miaka mingi, bastola katika mfuko wa kulia wa koti. Alikula nayo, akasali nayo. Siku moja alivua koti matangani ili asaidie kuchimba kaburi la jirani. Alipolivaa tena, mfuko ulikuwa mwepesi. Akafukuzwa kazi. Nyumbani jambo hilo halikutajwa tena.

Sasa ni mzee sana. Amesahau jina langu, la dada yangu Nafula, siku nyingine hata la mama. Bastola hajaisahau. Kila asubuhi anapapasa mfuko wa kulia, anashtuka, anaanza kutafuta. Anatafuta ghalani, chini ya kuku, kwenye majivu. Juzi kafukua viazi vitamu vyote vya mama. Nafula anasema akikosa huwa analia. Mimi sijawahi kumwona baba akilia, na kulisikia hilo nikiwa mbali hivi kumenimaliza.

Mpango: Nafula aichomeke kimya kimya katika koti lake. Baba ataipata. Atatulia. Hakuna daktari aliyefikiria hivyo! Mimi Dominiko ni mtu wa akili nyingi, tatizo ni kwamba habari hizo hazijasambaa.

Jumatatu, 10 Machi

Kasoro moja. Inang'aa mno. Bastola ya mzee haiwezi kung'aa kama kijiko cha hoteli. Nimefikiri usiku kucha, nikapata jibu. Bastola ya mfukoni huzeeshwa na mfuko. Nitaivaa kila siku kazini, mfuko wa kulia, pamoja na funguo na mchanga kidogo.

Kazini ni ukumbi wa jengo la ghorofa ninalolinda, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Silaha yangu rasmi ni tochi. Wakinikuta na kitu chenye sura ya bastola, watanirudisha kwetu bila hata kuniuliza nasafiri lini. Kwa hiyo tahadhari! Siinami. Siketi haraka.

Suruali imeanza kuinamia upande mmoja. Msimamizi wetu Hamisi, mtu wa Tanga, mpole, mwenye macho ya kuona kila kitu, kaniuliza kama mguu unaniuma. Nikamjibu ni nyonga, ugonjwa wa ukoo. Akaniletea dawa ya kuchua. Nimelazimika kuchechemea mchana kutwa.

Lakini niseme ukweli. Unapotembea na uzito ule pajani, unanyooka. Leo nilipita mbele ya kioo cha lifti nikaona mwendo wa baba.

Jumatano, 19 Machi

Nimewaka moto.

Nilikuwa nimeketi. Mpangaji akaingia, nikasimama kumwamkia, na kitu kikalia ndani ya mfuko. Sekunde chache sikuelewa. Kisha nikaelewa sana! Mama yule alikuwa akisubiri lifti, mimi nimesimama wima nikitoa moshi, ninatabasamu. Akauliza ni harufu gani. Nikamwambia ni jirani anachoma samaki. Lifti ilikawia kuliko siku zote.

Kule Al Wukair, kwenye kambi yetu ya wafanyakazi, nilificha suruali chini ya kitanda. Githinji akaiona. Githinji analala kitanda cha juu yangu, na tangu siku ya kwanza tunagombania feni, sufuria na ukweli. Kila kitu anakijua yeye. Akatia kidole katika tundu la mfuko, akaikuta bastola, akanitazama kwa huruma. Akasema, "Domi, wewe hauko sawa." Ili anyamaze, nitamfulia sare mpaka aende likizo.

Hata hivyo moshi umeutia mdomo wa bastola weusi safi kabisa. Sasa inaonekana imewahi kupiga mtu. Mungu ni mwema.

Alhamisi, 27 Machi

Githinji anaruka Jumamosi mchana. Nafula yuko tayari kwenda Nairobi kupokea mzigo. Nimetoa gesi yote, nimeifunga bastola katika nailoni, nimeizika ndani ya kopo la maziwa ya unga, nimefunga kifuniko kwa gundi. Githinji akiliona leo atalichunguza mpaka Pasaka. Kwa hiyo nitampa uwanjani, mbele ya mizani. Mtu aliye kwenye foleni ya ndege hana muda wa kukataa.

Basi nahitaji Jumamosi. Nimemwambia Hamisi jino. Akasema nililing'oa Januari. Nikasema tumbo. Akasema tumbo lilikuwa Februari. Ametazama chini, akasema kwa upole kwamba mapumziko yamefutwa kwa kila mtu, isipokuwa aliyefiwa na mzazi.

Ninafikiri.

Ijumaa, 28 Machi

Nimemuua baba.

Ofisini tu. Nilimkuta Hamisi akitoka msikitini, nikainamisha kichwa, nikasema mzee ametangulia. Nilitegemea aseme pole, achukue kalamu. Badala yake akanikumbatia. Akaniambia baba yake alifia Tanga yeye akiwa hapa hapa Doha, akapewa habari getini, akaendelea kufungua geti mpaka zamu ikaisha kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Akasema mimi nisifungue mlango wowote kwa siku tatu. Likizo ya dharura ya kwenda nyumbani pia ningepewa. Nikasema haraka kwamba kwetu tumeshamzika, tunazika upesi.

Aliandika jina la baba kwa mwandiko mzuri sana. Sikupenda kuliona pale.

Jumamosi, 29 Machi

Jana usiku chumba kizima kilijaa. Waganda waliimba, Watanzania walileta pilau. Nilikula kama mfiwa asiyejiweza, yaani sahani tatu. Kisha wakaniomba niseme neno juu ya marehemu. Nilikuwa nimejiandalia uongo mzuri. Nikafungua mdomo, ukatoka ukweli. Nikawaambia alivyotunyamazisha wakati wa taarifa ya habari, alivyokunja koti lake kama mtoto mchanga. Nikalia. Nililia sana, nikajishangaa, maana mtu mwenyewe nilijua yuko kwetu anakunywa uji.

Leo uwanjani mambo yalikwenda kama mafuta. Githinji hakubisha hata kidogo! Alitoa viatu vyake vipya katika sanduku ili maziwa ya mama mjane yapate nafasi. Alinishika bega. Githinji, akanishika bega! Nimerudi na viatu vyake chini ya kwapa.

Jumapili, 6 Aprili

Githinji amepiga simu. Nimeshikilia simu mbali na sikio.

Kwanza, sanduku lake lilifunguliwa hapa hapa Doha. Walimtia chumbani, wakamwaga maziwa mezani, wakakuta bastola. Alijitetea mpaka sauti ikakauka. Ofisa mmoja akavuta kifyatulio, akaona ni kiberiti kikavu, wakacheka, wakamrudishia, wakamwachia, akaikuta ndege inafunga mlango. Ameapa kwamba nikirudia ujinga huo nitaozea ndani.

Pili, kwa kuwa nilikuwa nimefiwa, hakutaka kumsumbua Nafula aje Nairobi. Aliamua kwenda mwenyewe Bungoma kuhani msiba. Alinunua blanketi la kumfariji mama. Akafika nyumbani, akamkuta marehemu uani anapukuchua mahindi.

Nilimuuliza alifanya nini. Akasema marehemu alimkaribisha chai, akanywa. Blanketi aliwaachia, na kiberiti akamkabidhi Nafula pembeni. Hakusema kitu. Halafu akasema baba yangu ni mtu mzuri na mimi sistahili. Anapenda kujifanya mkubwa, huyu.

Na sasa habari yenyewe! Jana Nafula aliichomeka katika koti. Asubuhi baba akapapasa mfuko wa kulia. Akasimama tuli. Akaitoa, akaitazama, akairudisha, akafunga kifungo. Akaketi kizingitini, akashusha pumzi, akalala usingizi hapo hapo kwenye jua. Mama alimfunika blanketi la Githinji, akaenda kulia jikoni.

Nilijua! Nilijua!

Jumanne, 8 Aprili

Si yake.

Amegundua. Aliigeuza chini ya mpini, mahali penye namba, akakuta hakuna namba. Yake ilikuwa 318. Mtu amesahau watoto wake wote, lakini 318 anaikumbuka. Alimwambia Nafula kwamba hii ni ya mtu mwingine, kwamba mahali fulani kuna askari anaipapasa mifuko yake sasa hivi na hatalala.

Ameacha kutafuta ya kwake. Sasa anamtafuta mwenye hii. Tangu asubuhi amesimama kwenye lango na koti lake, mkono mfukoni, anamsimamisha kila mpita njia na kumuuliza kama amepoteza kitu. Watoto wa shule wanamcheka. Anawauliza nao pia.

Namba! Ningemwambia tu fundi funguo wa pale mtaani kwetu kazini, angeichonga kwa dakika mbili. Mipango mikubwa huangushwa na vitu vidogo. Hilo ndilo kosa langu pekee.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua zimeanza kwetu na baba hataki kuondoka langoni. Anakohoa. Basi nikapata wazo. Akimpata mwenye bastola, ataingia ndani. Nikamwambia Nafula ampe simu, aseme ni askari aliyepoteza bastola.

Sauti yake ilitoka imenyooka, kama zamani. Aliniuliza nimeipoteza wapi. Nikasema kazini, afande. Akanigomba! Akanigomba vizuri, kwa utaratibu, kama mtu anayekunja nguo. Silaha haiachwi hata ukiwa chooni. Kisha akaniuliza kama nimemwambia mkubwa wangu. Nikasema bado. Akasema nimwambie leo leo. Akasema yeye ya kwake aliitafuta kimya kimya, kwa aibu, na waliomfukuza hawakumfukuza kwa kupoteza, walimfukuza kwa kuficha.

Miaka yote hii sikuwahi kulisikia hilo.

Nikamwomba ampe binti yake anitunzie, aingie ndani na mvua hii. Akakataa. "Silaha haipitii mkono wa tatu, askari. Njoo mwenyewe. Nitakungoja." Kisha akaniambia, bila kuulizwa, kwamba ana kijana wake Uarabuni, askari kama mimi, na uso wake umeanza kumpotea lakini anakumbuka kwamba ni mwaminifu.

Nikasema ndiyo, afande. Nikaenda kuketi kwenye ngazi za dharura. Tochi ilikuwa mfukoni nikawa naishikashika tu.

Jumatatu, 5 Mei

Wamemlaza. Mapafu. Nafula anasema aliingia wodini na koti lake, na hakubali livuliwe. Kila akizinduka anauliza kama yule askari amefika.

Nimekwenda kwa Hamisi kuomba likizo ya dharura. Likizo ya kawaida kwangu bado iko mbali, na bila ruhusa ya kampuni hakuna kibali cha kutoka nchini. Akauliza nani anaumwa. Nikafungua mdomo. Kila jibu lilikuwa limeshakufa. Nikasema mjomba. Akasikitika, akasema mjomba hayumo katika sheria, ni wazazi tu, akanisomea mpaka mwisho ili nisidhani ananificha.

Githinji amerudi kutoka likizo. Ameniambia niende nikaseme ukweli leo leo. Ajabu, maneno yale yale ya baba. Nikamwambia kesho. Hamisi leo alionekana amechoka.

Jumapili, 11 Mei

Baba amefariki alfajiri.

Nafula alikuwapo. Mkono ulikuwa mfukoni. Waliutoa polepole, wakakiacha kile kiberiti humo humo kwa muda, kisha mama akakichukua, akakifunga katika leso. Anasema ni amana ya watu.

Nilikwenda kazini. Nilifungua mlango, nikafunga mlango.

Jumatatu, 12 Mei

Leo nimesema ukweli. Nataka iandikwe.

Nilimfuata Hamisi nikamwambia baba amekufa. Akaweka chini funguo zake, akanikumbatia. Akasema, "Najua, kaka. Najua." Nikasema hapana, amekufa jana. Akanishika mikono yote miwili. Akasema ndivyo inavyokuwa, wa kwake hadi leo hufa upya akisikia mtu anakohoa. Nikasema Hamisi, sikiliza, jana asubuhi, hospitali ya Bungoma. Macho yake yakajaa maji. Akanipeleka kwenye benchi la kivulini, akaniletea chai ya maziwa na mkate, akasimama getini badala yangu.

Ningeendelea kueleza. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini chai ilikuwa tamu sana, na yeye alikuwa amesimama juani kwa ajili yangu, na nikaona nikimwambia nitamuua mtu wa pili.

Mazishi ni Jumamosi. Mimi ndiye mtoto wa kiume pekee, mimi ndiye wa kutupa udongo wa kwanza.

Jumanne, 13 Mei

Ofisini bado nina mama.

Nimemwambia Hamisi asubuhi kwamba mama amemfuata mzee. Kwa majonzi. Alikaa chini. Akasema basi mimi ni yatima kamili. Sikuweza kumtazama, na kwa mara ya kwanza sikuhitaji kuigiza.

Lakini safari hii karani wa ofisi akataka kupiga simu kwetu kuthibitisha. Jasho! Nilimpigia Nafula apokee yeye, simu haikushikwa, alikuwa mochwari. Simu ya nyumbani ilikuwa na mama.

Mama ndiye aliyepokea. Karani akauliza kama ni kweli mama yake Dominiko amefariki. Mama, ambaye hakuwahi kumdanganya hata mwuza samaki, akasema ni kweli, amekufa, yeye ni jirani tu anaosha vyombo vya matanga. Karani akampa pole. Mama akaipokea.

Baadaye nilimpigia. Nilidhani atanigomba. Akasema tu, "Njoo umzike baba yako, mwanangu. Mimi nitabaki nimekufa mpaka urudi kazini."

Kibali kimetoka mchana huo huo.

Alhamisi, 15 Mei

Naandika nikiwa uwanja wa ndege, nimeketi, mambo yote yako sawa! Nitafika kesho. Kuzika ni keshokutwa. Nimewahi.

Hamisi alinileta mwenyewe. Amenipa tende, amesema niziweke juu ya makaburi yote mawili au niwape watoto, vyovyote moyo utakavyotaka. Githinji alikuja pia, akanivuta pembeni, akaniuliza kama nimebeba kitu cha kipuuzi. Nikaapa. Akaniazima viatu vyake vipya vya kuzikia.

Sasa nieleze kwa nini nimeapa kwa moyo safi. Githinji aliuliza kama nimebeba kitu cha kipuuzi, na nilichobeba si cha kipuuzi. Jana nilirudi Souq Waqif. Mara hii sikutaka kiberiti. Nimepata bastola ya kweli, ya Kiingereza, ya zamani kabisa, tumbo la risasi sita, mdomo umezibwa kwa chuma na haiwezi kupiga hata nzi. Nzito! Fundi funguo wa Fereej Bin Mahmoud ameichonga 318 chini ya mpini, ameipaka mafuta ili namba isionekane mpya. Nafula anasema baba amevalishwa koti lake na mfuko wa kulia uko mtupu. Jumamosi, kabla hawajafunga jeneza, nitaitia humo kwa mkono wangu mwenyewe, haitapita mkono wa tatu. Na kile kiberiti nitakipokea kutoka kwa mama, kama yule askari mwenyewe. Hapo kila mtu atakuwa amepata chake.

Makosa ya kwanza nimeyarekebisha yote. Namba ipo. Gesi haipo kabisa, kwa hiyo hakuna hatari yoyote. Na kopo la maziwa safari hii ni kubwa zaidi, limezama vizuri katikati ya sanduku, chini ya tende. Sanduku limeshapita kwenye mizani, nimeliona kwa macho yangu likiondoka.

Abiria wameanza kupanda. Nimevaa viatu vya Githinji, vinabana kidogo.

Wanaita jina langu kwenye kipaza sauti. Wamelitamka vizuri, jina lote, mara mbili, na sasa naona vijana wawili wa sare wanakuja upande huu wakitazama viti. Bila shaka Hamisi amewaambia kwamba nimefiwa, wananitafutia nafasi nzuri mbele. Watu wa hapa wana utu sana. Nimesimama na kuwapungia mkono ili wasihangaike kunitafuta.